Daftari la Msichana na Hukumu ya Mji: Uhakiki wa Riwaya ya Holly Jackson

Riwaya iitwayo A Good Girl's Guide to Murder, ya mwandishi Mwingereza Holly Jackson, ilitolewa kwa mara ya kwanza Uingereza mwaka 2019. Mwaka uliofuata ilipata tuzo ya kitabu bora cha hadithi kwa watoto katika Tuzo za Vitabu za Uingereza, ikafuatwa na riwaya nyingine mbili, Good Girl, Bad Blood (2020) na As Good As Dead (2021), na mwaka 2024 ikafanywa mchezo wa televisheni. Kazi iliyokwisha kupendwa kiasi hicho haimhitaji mhakiki awahimize watu kuisoma. Inamhitaji aeleze kinachopendwa ndani yake ni kipi, na kama kinastahili kupendwa. Yafaa itajwe pia kwamba Jackson alisomea isimu ya fasihi pamoja na utungaji katika Chuo Kikuu cha Nottingham. Elimu hiyo inaonekana wazi katika nusu ya kitabu, na katika nusu ya pili inatoweka.

Kisa chenyewe ni hiki. Katika mji mdogo wa kubuniwa uitwao Little Kilton, msichana mwanafunzi, Andie Bell, alitoweka mwezi wa Aprili 2012. Siku chache baadaye mpenzi wake, Sal Singh, kijana wa asili ya Kihindi, alikutwa amekufa msituni, simu ya Andie ikiwa naye. Baba yake Sal alikuwa amepokea ujumbe uliotoka katika simu ya mwanawe, kijana huyo akikiri kuwa ndiye aliyetenda. Polisi waliridhika, magazeti yakaridhika, na mji ukaridhika zaidi ya wote. Maiti ya Andie haikuonekana. Miaka mitano baadaye Pip Fitz-Amobi, msichana wa umri wa miaka kumi na saba, anaamua kuifanya kesi hiyo kuwa kazi yake ya utafiti ya shule. Msimamizi wake anamruhusu kwa sharti kwamba asizikaribie jamaa za marehemu wale wawili. Kurasa chache tu baada ya sharti hilo Pip anabisha mlango wa akina Singh, anafunguliwa na Ravi, ndugu mdogo wa Sal, na upelelezi unaanza.

Sifa kubwa ya riwaya hii ni fani yake. Sura zinazosimuliwa kwa nafsi ya tatu zinapokezana na kurasa za daftari la Pip, ambamo mna mahojiano yaliyonakiliwa neno kwa neno, ramani, barua alizozipata kutoka kwa polisi, picha za karatasi, na mwishoni mwa kila sehemu orodha ya washukiwa inayozidi kurefuka. Hapana shaka kwamba mbinu ya kusimulia kwa nyaraka ni ya kale. Riwaya za barua za Ulaya za karne ya kumi na nane zilijengwa juu yake. Lakini Jackson ameipa kazi mpya. Msomaji kijana anapewa nyaraka zile zile alizonazo mpelelezi, kwa wakati ule ule, na anaalikwa azisome kwa makini kuliko alivyozizoea. Msomaji wa namna hiyo hasubiri kuambiwa. Anarudi nyuma kurasa ishirini kutazama kama saa iliyotajwa na shahidi mmoja inakubaliana na saa iliyotajwa na mwingine.

Mfano mzuri ni ushahidi wa marafiki wa Sal. Usiku wa tukio vijana hao walikuwa pamoja nyumbani kwa mmoja wao. Mwanzo waliwaambia polisi kwamba Sal aliondoka baada ya saa sita za usiku. Kisha wote kwa pamoja wakabadilisha, wakasema aliondoka saa nne na nusu. Kauli ya kwanza ilikuwa inamwokoa, ya pili ikamzika. Polisi waliichukulia ya pili kuwa ndiyo kweli kwa sababu ilikuja baadaye, na kwa sababu watu hudhani kwamba anayejirekebisha amesutwa na dhamiri. Pip anauliza swali jepesi ambalo hakuna aliyeliuliza: watu wanne watajirekebisha vipi siku moja na kwa maneno yanayofanana? Jibu linalopatikana baadaye, kwamba waliwahi kumgonga mtu kwa gari usiku wa mwaka mpya wakakimbia, na mtu asiyejulikana akawatisha kwa siri hiyo, ni mojawapo ya mafundo yaliyofungwa na kufunguliwa kwa ustadi kabisa. Limetokana na maneno yenyewe, yaani na kufanana kwake.

Kadhalika herufi zilizoandikwa na Andie katika shajara yake ya shule. Pip na Ravi wanakuta vifupisho vya CP, HH na IV vikiwa vimefuatana na saa. Vinafumbuliwa kidogo kidogo kwa kuvilinganisha na mambo mengine yaliyokwisha kujulikana: mahali pa kuegesha magari, nyumba ya muuza dawa za kulevya, hoteli. Hii ni kazi ya mwanaisimu anayeshughulika na lugha asiyoijua, naye mwandishi anaifurahia. Yapo pia mahojiano na mwandishi wa gazeti la mjini, Stanley Forbes, ambamo Pip hamshtaki mtu kwa ubaguzi. Anamwacha aseme tu, na namna anavyomtaja Sal inamfichua. Kurasa hizo zingeweza kusomwa darasani na wanafunzi wa uchambuzi wa matini bila haya yoyote.

Sehemu za nafsi ya tatu hazikufikia kiwango hicho. Masihara baina ya Pip na Ravi yanachangamsha mwanzoni lakini yanarudiwa mno, na wazazi wa Pip ni wema kiasi cha kuchosha.

Dosari iliyo nzito zaidi imo katika ufumbuzi. Kwa zaidi ya kurasa mia tatu msomaji amefundishwa kutomwamini mtu anayesema "ni mimi". Msingi mzima wa kisa ni ungamo la uongo, yaani ujumbe wa simu ambao Sal hakuuandika. Lakini fumbo linapofika ukingoni, linafumbuliwa kwa maungamo mawili. Nyaraka zinamfikisha Pip kwenye mlango wa mwalimu wake wa historia, Elliot Ward, baba wa rafiki yake mpenzi. Hatua ya mwisho ni ya kupendeza, kwa maana mashine ya kuchapishia iliyomo nyumbani mwa Ward inatoa tena karatasi ya vitisho aliyoandikiwa yeye. Kuanzia hapo daftari linafungwa. Elliot anaeleza kwa kinywa chake mwenyewe kila kitu: alivyokuwa na uhusiano na Andie, alivyoanguka msichana huyo na kuumia kichwa wakati wa ugomvi, alivyodhani amemwua, alivyomwua Sal ili lawama imshukie maiti. Kisha, kwa kuwa bado kuna vipande visivyoingiana, Pip anakwenda kwa Becca, mdogo wake Andie, naye anaungama pia: Andie alirudi nyumbani akiwa na pigo la kichwa, wakagombana, akapaliwa na matapishi yake, na Becca akasimama akimtazama.

Yafaa ielezwe kwa usahihi kosa hili liko wapi, kwa maana watu wawili kuhusika si kosa. Kugawanya hatia baina ya mtu aliyedhani ameua na mtu aliyeacha kifo kitokee ni wazo la maana, na linamtaka msomaji kijana afikirie tofauti ya kutenda na kutotenda. Sababu ya Becca nayo si ndogo: alikuwa amebakwa na Max Hastings katika karamu ya vijana kwa kutumia dawa ambayo Andie mwenyewe ndiye aliyemwuzia. Kosa ni kwamba msomaji hakupewa njia ya kuyafikia hayo kwa nyaraka alizozoeshwa kuzisoma. Anayafikia kwa kuambiwa, na aambiaye ni mwenye hatia, na hakuna anayeuliza kama anasema kweli. Pip aliyewashuku watu wanne kwa kufanana kwa maneno yao hamshuku Elliot hata kwa sentensi moja. Kwa mwandishi mwingine hilo lingekuwa jambo la kupita tu, kwani riwaya nyingi za upelelezi humalizika kwa mhalifu kusema. Kwa mwandishi aliyekwisha weka mkataba wa namna nyingine na msomaji wake, ni kuuvunja mkataba.

Jambo hilo hilo linamdhuru mtu mwingine katika kisa, ambaye wasomaji wengi humsahau mara tu kitabu kinapofungwa. Elliot alipomkosa Andie, alimwokota njiani msichana aliyefanana naye, akamfungia katika chumba cha darini kwa miaka mitano akidhani ndiye. Jina lake ni Isla Jordan. Riwaya inayoyapa uzito mahojiano ya kila mtu, hata ya muuza dawa na ya mhariri wa gazeti, haikumhoji Isla. Anatolewa darini, anapewa aya chache, na anaondoka.

Mhakiki wa Afrika Mashariki hawezi kusoma riwaya ya namna hii bila kumkumbuka Muhammed Said Abdulla, ambaye Mzimu wa Watu wa Kale yake (1960) iliufungua utanzu huu katika Kiswahili. Bwana Msa na kiko chake alitokana kwa kiasi kikubwa na Sherlock Holmes, na Najum rafiki yake akashika nafasi ya Watson. Katika mpango huo akili iko kwa mmoja. Msomaji pamoja na Najum hufuata nyuma, wakisubiri kufafanuliwa. Riwaya ya Jackson imeuondoa mpango huo, kwa kuwa Pip si mtu mzima mwenye maarifa ya ajabu bali ni mwanafunzi mwenye daftari, na daftari liko wazi. Ni maendeleo ya kweli katika utanzu. Lakini Bwana Msa anapofafanua, anaeleza alivyofikiri yeye, na msomaji anaweza kurudi nyuma kumpima kama alifikiri sawasawa. Elliot na Becca wanaeleza walivyotenda wao, na hapo hapana cha kupimwa.

Upande wa maudhui, jambo lenye uzito kuliko yote ni hukumu ya mji juu ya Sal. Riwaya inaonyesha vizuri namna jina la mtu linavyoliwa. Ravi anapita njiani watu wakimkodolea macho, nyumba ya wazazi wake imewahi kuharibiwa, dukani hazungumziwi. Andie naye, aliyekuwa na uovu wake, amegeuzwa malaika na magazeti kwa sababu alikuwa msichana mzuri wa Kizungu na amekufa. Jackson halikwepi suala la rangi, ingawa analigusa kwa ncha ya kidole. Pip mwenyewe amelelewa na baba wa kambo mweusi, Victor Amobi, mwenye asili ya Nigeria. Hapa palikuwa na nafasi adimu. Mtu mweusi mwenye kazi ya kuheshimika katika mji mdogo wa Kiingereza, ambaye ameishi humo miaka yote ambayo kijana wa Kihindi amekuwa akilaaniwa, lazima ana jambo la kusema kuhusu mji huo, au ana sababu ya kulinyamazia. Mwandishi amempa utani. Victor anachekesha mezani, anamkumbatia binti yake, na haulizwi chochote.

Kwa hiyo sura ya mwisho inaacha ladha ya namna mbili. Pip anasimama mbele ya watu kuwasilisha kazi yake, na katika hotuba hiyo anawakemea kwa jinsi walivyomhukumu Sal haraka. Ni hotuba nzuri na inamgusa msomaji. Hata hivyo hadhira ni wale wale waliomlaani, na kisa kimekwisha kuwapa mahali pa kuutua mzigo wao: mwalimu mmoja aliyepotoka na msichana mmoja aliyedhulumiwa. Mji uliomwamini Elliot kwa urahisi sasa unamwamini Pip kwa urahisi ule ule. Riwaya haioneshi kama ina habari na hilo.

Suala jingine ni njia anazotumia Pip. Msichana huyu, ambaye jina la kitabu linamwita mwema, anajifanya mtu mwingine katika simu, anampiga picha muuza dawa na kumtisha ili aseme, na anaingia pamoja na Ravi katika nyumba ya akina Bell wenyewe wasipokuwapo. Riwaya inayapita hayo kwa tabasamu, kwa kuwa nia yake ni njema na matokeo yanamthibitisha. Msomaji mtu mzima anaweza kuona hapo udhaifu wa kimaadili na kuishia hapo. Lakini ni haki kwa mwandishi kuitazama trilojia nzima. Katika kitabu cha pili Max anaachiliwa na mahakama. Katika cha tatu Pip anamwua mtu, tena baba yake Andie, ambaye amekuwa akiwaua wanawake huku mtu asiye na hatia akifungwa kwa makosa hayo. Kisha anapanga ushahidi ili Max ahukumiwe kwa mauaji aliyoyafanya Pip mwenyewe. Yaani anamtendea Max jambo lile lile ambalo Elliot alimtendea Sal, tofauti ikiwa kwamba Max ana hatia nyingine. Wasomaji wengi wa kitabu cha kwanza walichukizwa na mwisho huo. Hata hivyo mbegu yake imo katika kitabu cha kwanza, katika kila mlango uliofunguliwa bila ruhusa, na ni sifa ya Jackson kwamba alikubali kuyavuna aliyoyapanda. Kitabu cha kwanza kikisomwa peke yake kinaonekana chepesi kuliko kilivyo.

Jambo la mwisho linawahusu zaidi wanaoshughulika na lugha na tafsiri. Riwaya hii ilipotolewa Marekani mwaka 2020, haikubaki Little Kilton. Ilihamishiwa mji wa kubuniwa uitwao Fairview katika jimbo la Connecticut, na masomo ya Pip, msamiati wa polisi na wa shule, vyote vikafanywa vya Kimarekani. Ni kama tafsiri kutoka Kiingereza kwenda Kiingereza. Kwamba ihama hiyo iliwezekana ni ushahidi kuhusu riwaya yenyewe. Unguja ya Bwana Msa haiwezi kung'olewa na kupandwa Mombasa, seuze Connecticut, kwa sababu mzimu, shamba, na heshima za watu katika mazungumzo ndizo zinazokiendesha kisa. Little Kilton iling'oka kwa urahisi kwa kuwa ina mizizi mifupi: msitu, mto, shule, kituo cha magari moshi, na nyumba za watu wenye nafasi. Hata hofu ya mji dhidi ya kijana wa Kihindi, ambayo katika Uingereza ina historia ya utawala na uhamiaji nyuma yake, ilisafirishwa kuvuka bahari kana kwamba ni ile ile pande zote mbili.

Mtafsiri wa Kiswahili atakayeishika kazi hii hana ruhusa ya kuihamishia Nakuru, wala hapana haja. Tatizo lake litakuwa daftari. Pip anaandika kwa Kiingereza cha mwanafunzi aliyeelimika, chenye istilahi za kitaalamu pembeni ya mzaha wa vijana, na kwa jina daftari hilo ni sehemu ya kazi ya mtihani, ingawa limejaa mambo ambayo hawezi kumkabidhi msahihishaji. Kiswahili sanifu kitupu kitamfanya azungumze kama msahihishaji mwenyewe. Sheng tupu itamwondolea ile bidii ya shule ambayo ndiyo silaha yake, na baada ya miaka michache itakuwa imechakaa. Kijana wa kidato cha nne nchini Kenya huandika Kiswahili cha insha mbele ya mwalimu na kingine katika simu, na hupita kutoka kimoja kwenda kingine ndani ya saa moja. Daftari la Pip liko mahali hapo pa kuvukia, na lugha yake itabidi itafutwe hapo hapo, ukurasa kwa ukurasa, kwa kuangalia ni kurasa zipi alikusudia zisomwe na mwalimu na zipi alizificha.